Siendeshi gari na sitaendesha: naweza kutegemea daladala Kigoma?

Swali: "Shikamoo. Nina miaka 33 na nimepangiwa kazi Kigoma mjini, ofisi iko kule chini karibu na stesheni ya reli. Macho yangu hayaoni mbali hata nikivaa miwani, na daktari ameshaniambia habari ya leseni ya udereva niisahau. Nitahamia na mama yangu, ana sukari na presha, kila mwezi atakuwa na kliniki hospitali ya Maweni. Kuna sehemu tatu za kukaa: kupanga Mwanga ambako kodi ni kubwa, kukaa bure kwenye nyumba ya baba mdogo Ujiji, au kujenga taratibu kwenye kiwanja changu kilicho ndani kidogo kutoka Mwandiga. Ndugu wanasema Kigoma bila usafiri wako ni mateso, kwamba daladala hazina ratiba na makonda wana kiburi, bora nikope ninunue bajaji nimpe kijana, asubuhi anipeleke kazini kisha aendelee kutafuta hesabu. Kazini natakiwa saa 1:30 asubuhi. Je, mtu asiyeendesha anaweza kweli kuishi kwa kutegemea daladala, au najidanganya?"

Marahaba, binti yangu, na karibu Kigoma. Hujidanganyi. Walio wengi katika manispaa ya Kigoma Ujiji hawajawahi kumiliki gari, na bado wanafika sokoni, kazini, msikitini, kanisani na hospitali. Wewe unatofautiana nao kwa mambo mawili tu: hutaweza kusoma kibao cha gari linalokuja kutoka mbali, na utakuwa na mama ambaye haifai akae juani saa nzima akisubiri usafiri. Haya mawili ndiyo ya kupangia maisha. Ninavyolisoma swali lako, daladala yenyewe haikutishi. Unaogopa kuonekana mchelewaji katika ofisi ngeni, na kukwama barabarani na mgonjwa. Hofu zote mbili zina haki, na zote mbili zinapungua sana ukijua gari linaendeshwa na nini.

Tuanze na hilo la ratiba, maana mengine yote yanatoka humo. Ndugu zako wamesema kweli kwamba daladala haina ratiba, ila wameishia nusu. Daladala inaongozwa na hesabu. Gari ni la tajiri. Dereva analichukua alfajiri kwa makubaliano kwamba jioni atapeleka kiasi fulani, liwake jua inyeshe mvua. Mafuta ni juu yake. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho anachogawana na konda wake, na wengi wao hawana mshahara mwingine wowote. Sasa chukua mfano wa Hiace yenye siti 14 na nauli ya Sh600. Ikijaa, safari moja inaingiza Sh8,400. Ikiondoka na watu watano inaingiza Sh3,000, na mafuta inayochoma ni karibu yale yale. Dereva anayekaa kituoni dakika ishirini huku mpiga debe akiita hafanyi kiburi, anaisubiri hiyo Sh5,400 ya tofauti. Mpiga debe naye ana chake kwa kila gari analolijaza, kwa hiyo hata yeye hana sababu ya kuliruhusu liondoke mapema. Na mafuta yakipanda, kama yanavyoweza kupanda kila EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, mara nyingi hesabu ya tajiri haishuki. Dereva anabanwa katikati, na wewe abiria utaona tofauti: gari linasubiri zaidi na kubanana kunaongezeka.

Kwa hiyo swali la "daladala itakuja saa ngapi?" halina jibu, lakini swali la "saa ngapi abiria ni wengi, na wanaelekea wapi?" lina jibu zuri tu, na linajibika karibu vile vile kila siku ya kazi. Asubuhi kati ya saa 12 na saa 2, watu wa Ujiji na wa vitongoji vinavyozunguka wanapanda kuelekea Mwanga na mjini. Gari linajaa upesi, linaondoka upesi, linarudi karibu tupu kukimbilia watu wengine. Kuanzia kama saa 4 hadi saa 8 mchana abiria wanapungua, na hapo kusubiri ndiko kunakuwa kurefu. Alasiri mkondo unageuka. Baada ya magharibi abiria wanakwisha, dereva anawaza kupeleka hesabu na kulaza gari, na anayebaki barabarani anaweza kusimama muda mrefu.

Mkondo huu ndio unaonifanya niwaambie watu kila mara: usihesabu kilomita peke yake unapochagua nyumba. Angalia unasimama sehemu gani ya njia. Anayepandia mwanzo wa njia anapata siti, ila anasubiri gari lijae. Anayepandia katikati hasubiri kujaza, lakini saa za asubuhi gari linaweza kumpita limejaa, la pili limejaa, la tatu konda ananing'inia mlangoni. Wapo wawili wenye bahati. Mmoja ni anayekwenda kinyume na mkondo, kama mwalimu anayelala Mwanga na kufundisha Ujiji, ambaye asubuhi anapanda magari yanayorudi yakiwa na nafasi. Wa pili ni anayekaa mahali ambapo abiria wengi hushuka na njia kadhaa hukutana. Wewe ofisi yako iko mwisho wa mkondo, kule chini stesheni, kwa hiyo bahati ya kwanza huna. Ya pili unaweza kuinunua kwa kodi ya nyumba.

Ndiyo maana, nikizipima sehemu zako tatu, Mwanga inakuja mbele. Pale soko na maduka yanateremsha watu asubuhi nzima. Gari lililotoka Ujiji limejaa hupungua Mwanga, na wewe unapata nafasi ya kuteremka nalo hadi mjini. Jioni ukitoka kazini huhitaji gari la njia moja maalumu, karibu kila linalopanda kutoka mjini litapita au kuishia Mwanga. Na siku magari yakigoma, au mvua ikivuruga kila kitu, kutoka Mwanga hadi stesheni ni mwendo wa mguu unaowezekana kwa umri wako, tena ni kuteremka. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko yote. Mtu asiyeendesha anatakiwa awe na safari moja ya lazima anayoweza kuifanya kwa miguu ikibidi, na safari yako ya lazima ni ya saa 1:30 asubuhi.

Ujiji si chaguo baya hata kidogo, na nyumba ya bure si kitu cha kudharau kwa mtu anayeanza kazi. Njia ya Ujiji ndiyo yenye magari ya uhakika kuliko nyingine za mjini, na wewe ungepandia karibu na mwanzo wake, ukikaa. Kama siku yako ya kazi inakwisha saa 9:30 alasiri kama ofisi nyingi za serikali, utarudi bila shida. Lakini uliza mapema, na uulize bila aibu, kama kazi hiyo ina vikao vya jioni, kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, au kubaki hadi usiku. Hapo Ujiji inakuwa nzito. Kuna na mwezi wa Ramadhani, ambao mgeni hushtuka nao. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi. Alasiri kila mtu anakimbilia nyumbani kabla ya futari, magari yanajaa kupita kiasi, kisha adhana ya magharibi ikishatoka barabara inakuwa nyeupe kwa muda mrefu, maana dereva na konda nao wanafuturu. Ukijua hivyo utaondoka ofisini nusu saa mapema au utasubiri kwa utulivu. Usipojua utasimama kituoni ukidhani umetupwa. Mchana wa Ijumaa nao una pengo la namna hiyo, dogo zaidi.

Kabla ya kuikubali nyumba ya baba mdogo, fanya jambo moja: tembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kituo, mara moja mchana na mara moja gizani, mtu akiwa nawe. Nyumba inaweza kuwa Ujiji na bado ikawa mbali na barabara ya lami. Wewe hicho kipande cha uchochoro ndicho kitakachokuchosha, pale penye mtaro usio na kifuniko na taa hakuna.

Mwandiga nitaipita haraka. Penyewe pana magari: ndipo barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kidahwe inayokwenda Kasulu na Uvinza, kwa hiyo panapitiwa. Lakini magari yanayotoka mbali asubuhi yanafika pale yamejaa, na wewe umesema kiwanja kiko "ndani kidogo". Hiyo "ndani kidogo" maana yake ni bodaboda asubuhi, bodaboda jioni, kila siku, juu ya nauli ya daladala, na kuanzia mvua za Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei ni bodaboda kwenye tope. Kiwanja usikiuze. Kiwekee mipaka yake, panda miti, subiri barabara na umeme vikifikie. Kujenga sasa hivi ili uhamie na mama sikushauri.

Sasa bajaji. Ushauri huu nausikia kila mahali, na wanaoutoa wanakupenda kweli, kwa hiyo usiwabeze. Tatizo liko kwenye saa. Kijana wa bajaji anapata pesa yake kubwa asubuhi na jioni, saa zile zile unazomhitaji wewe. Kila asubuhi anapokuja kukuchukua anaacha abiria wa kulipa, na jioni bado unamdai hesabu kamili. Wiki za mwanzo atakuja. Baadaye ataanza kuchelewa, kisha simu haitapokelewa, na ukimlaumu atakuambia kweli tupu: "Bosi, nikikupeleka wewe hesabu haitimii." Kama chombo ni cha mkataba, yaani anakulipa kidogo kidogo hadi kiwe chake, haraka yake ni kumaliza deni, na safari zako anazihesabu kama hasara. Bado hujagusa marejesho ya mkopo, matairi, bima, leseni ya usafirishaji na siku ambazo chombo kiko kwa fundi. Kununua bajaji kama biashara ni jambo la kujadiliwa peke yake, na watu wengine linawafaa. Kuinunua ili ikuhakikishie usafiri wa asubuhi ni kujitafutia ugomvi na kijana wa watu.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi, kwa gharama ndogo, ni kuwa na mtu wako wa bajaji au bodaboda bila kumiliki chombo. Daladala iwe safari ya kila siku, na yeye awe wa siku maalumu: mvua ya asubuhi, kuchelewa ofisini, mama kuzidiwa usiku. Mchague kutoka kijiwe kilicho karibu na nyumba, muulize balozi au mwenyekiti wa mtaa kama anafahamika, na uwe na namba ya wawili, kwa sababu mmoja atalala au ataishiwa mafuta siku unayomhitaji. Mlipe bei ya haki na umlipe papo hapo. Bodaboda ibebe abiria mmoja tu, hakuna mshikaki, na kofia ngumu uvae wewe pia. Kwa mama, bajaji ni bora kuliko pikipiki karibu kila mara. Mtu mwenye presha na sukari anaweza kupata kizunguzungu ghafla, na kwenye pikipiki hana pa kuegemea.

Utakutana pia na michomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria wa nauli kati ya mji na mji, wengine wakipakatana mbele. Ni ya haraka, hayasubiri kujaza sana, na saa za usiku wakati mwingine ndiyo pekee yaliyopo. Siwezi kukuambia usipande kamwe, kwa sababu najua kuna jioni utakuwa huna lingine. Ila ujue unachopanda. Yapo yasiyo na leseni ya kubeba abiria, yaliyokatiwa bima ya matumizi binafsi. Siku ya ajali, abiria aliyelipa nauli kwenye gari la namna hiyo anaweza kujikuta kwenye mzozo mrefu wa fidia. Daladala yenye leseni, pamoja na kubanana kwake, inakupa kinga zaidi.

Umetaja makonda. Kiburi kipo, sitakudanganya. Lakini kuna mambo mawili yanayochanganywa na kiburi. La kwanza ni haraka. Konda anayekuvuta mkono na kusema "ingia mama, ingia" anaokoa sekunde ili gari la nyuma lisimpite na kumchukulia abiria wa kituo kinachofuata. La pili ni nauli ya wanafunzi. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023 viliweka ukomo wa Sh600 kwa njia ya mjini isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi Sh200. Weka namba hizo kando ya hesabu ya tajiri niliyokueleza, utaona kwa nini konda anaziba mlango wanafunzi wakisogea. Anafanya kosa, na watoto wanaumia, lakini chanzo ni kubwa kuliko tabia yake mbaya.

Kuhusu haki zako, shika haya. LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayopanga ukomo wa nauli na kutoa leseni za njia. Ukomo maana yake konda anaweza kutoza pungufu, hawezi kutoza zaidi kwa sababu ya mvua, sikukuu au usiku kuingia. Na gari lenye leseni ya kufika Ujiji halina ruhusa ya kuwateremsha watu njiani na kugeuza kwa sababu abiria wamebaki wachache. Huko ni kukatisha ruti. Likikupata, dai kwa upole urudishiwe sehemu ya nauli au konda akuombee nafasi kwenye gari jingine na akulipie. Mara nyingi abiria wakiwa watatu au wanne na wakadai kwa sauti moja, anakubali. Usigombane ukiwa peke yako na giza limeingia. Mwombe mtu akusomee namba ya gari, kumbuka saa na mahali, na ulipeleke lalamiko kesho yake.

Macho yako sasa, maana hapa ndipo nadhani hujapata mtu wa kukusaidia kufikiri. Ndugu waliokutisha wamefikiria kuona kibao. Uzuri wa daladala zetu kwa mtu asiyeona mbali ni kwamba zinatangazwa kwa mdomo. Konda anaita mwisho wa njia na mara nyingi vituo vya katikati. Mpiga debe anaita. Ukisimama kwenye kituo halisi, penye watu, huhitaji kusoma chochote, unahitaji kusikia na kuuliza. Kwa hiyo usisimame katikati ya vituo ukitegemea kupunga mkono. Gari linalopita kasi hutalitambua, na ukijaribu kulisogelea ndipo hatari ilipo. Pandia kituo kile kile kila asubuhi, upande ule ule, saa ile ile. Baada ya muda si mrefu wapiga debe na mama ntilie wa pale watakujua, nao watakuwa macho yako bila kuombwa: "Dada, la mjini hili hapa."

Ukiingia, kaa karibu na mlango na umwambie konda mapema unashuka wapi: "Nashuka stesheni, uniambie, sioni vizuri." Sema hivyo hivyo, waziwazi. Watu wengi wenye uoni hafifu huona haya kulisema kwa kuwa kwa sura hawaonekani wagonjwa. Lakini konda asiyejua atakuona mtu aliyezubaa, na konda anayejua atakushusha mahali salama. Jifunze njia kwa mwili pia: matuta ya barabarani, kona, ule mteremko kutoka Mwanga kwenda ziwani ambao hata ukifumba macho unausikia. Nauli iwe mkononi kabla hujapanda, na chenji umeitenga nyumbani, noti kubwa mfuko mwingine. Kutafuta pesa ndani ya gari lililobanana huku huoni vizuri ni kumkaribisha mwizi.

Kuhusu kuvuka barabara, nipe neno moja zaidi. Abiria hupata ajali hata nje ya gari, mtu anaposhuka na kukatiza mbele ya lile lile gari alilotoka. Kwako hatari ni mara mbili, kwa sababu bodaboda linalopita ubavuni hutaliona. Ukishuka, subiri gari liondoke kabisa. Kisha vuka na mtu. Mshike mkono mama yeyote aliye karibu, hakuna atakayekukatalia hapa.

Siku ya kliniki ya mama ipange kinyumenyume, kuanzia kurudi. Kwenda ni rahisi: mnatoka asubuhi na mapema, na mkiona magari yamejaa mno, siku hiyo moja kwa mwezi chukueni bajaji kutoka mlangoni. Kurudi ndiko kunakoharibika. Mnamaliza dirisha la dawa saa 6 au saa 7 mchana, saa ambazo abiria ni wachache na magari yanasubiri kujaza, jua kali, na mama amechoka. Nauli ya bajaji ya kurudi itenge tangu mwanzo wa mwezi, usiitumie kwa kingine. Kuna na hili la sukari: wagonjwa wengi hupimwa kabla ya kula. Muulize muuguzi wa kliniki dawa au sindano ya asubuhi imezwe au ichomwe lini siku ya kipimo, na beba chakula na kitu cha sukari kwenye mkoba. Gari likichelewa saa nzima, mtu aliyetumia dawa bila kula anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Akianza hivyo mpe kitu chenye sukari hapo hapo, msisubiri kufika nyumbani, na akishindwa kumeza tafuteni chombo chochote kiwarudishe hospitali.

Kwa gharama, piga hesabu yako mwenyewe kwa nauli utakazozikuta. Kwa Sh600, kwenda na kurudi siku 22 za kazi ni Sh26,400. Ongeza bajaji ya kliniki na, tuseme, safari nne za dharura. Jumla hiyo iweke kando ya tofauti ya kodi kati ya Mwanga na Ujiji, na kando ya marejesho ya mkopo wa bajaji ambayo ndugu wanayapigia debe. Nadhani mwenyewe utaona kuwa Mwanga kwa miezi sita ya mwanzo, hata chumba kimoja na sebule, inalipa kwa utulivu unaokupa ukiwa bado mgeni. Baada ya hapo, ukishaijua njia na saa za ofisi yako, hamia Ujiji ukitaka. Wiki ya kwanza toka nyumbani saa 12 kamili asubuhi hata kama utafika mapema na kukaa nje ya ofisi. Ukiona magari yanakwendaje, sogeza saa taratibu.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukufanyia. Ukitozwa zaidi ya ukomo au njia yako ikikatishwa mara kwa mara, nenda ofisi ya LATRA ya mkoa ukiwa na namba ya gari, tarehe na saa. Malalamiko yasiyo na namba hayana pa kuanzia. Kwa macho, usiridhike na ile kauli ya kusahau leseni peke yake. Omba rufaa ya kuonana na daktari bingwa wa macho, na kama hapa mkoani hakuna msaada zaidi, uulize kuhusu hospitali za CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi, uwaulize mahususi juu ya vifaa vya uoni hafifu na mafunzo ya kutembea kwa fimbo nyeupe. Fimbo hiyo si ya wasioona kabisa tu, na barabarani inamwambia dereva kile ambacho uso wako haumwambii. Ukipata barua ya daktari, ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa ili utambuliwe chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na nakala moja umpe mwajiri wako kabla hujaripoti, ili suala la saa za jioni mlizungumze mapema.